Kipande cha Kioo Juu ya Ufa

Katika chumba cha juu kabisa, mwisho wa ngazi, yamebaki mabaka mawili ya plasta ukutani, na katikati ya mabaka hayo hakuna kitu ila ufa mwembamba. Mpangaji mpya aliyatazama, akayakwangua kwa ukucha, kisha akauliza, "Hapa palikuwa na nini?"

Mshonaji, aliyekuja kurudisha ufunguo wa kaka yake, alijibu kwamba palikuwa na kioo.

"Cha kujitazamia?"

"Hapana. Cha kuutazamia ukuta."

Mpangaji akacheka kwa adabu, kicheko cha mtu asiyeelewa na asiyetaka kuonekana hakuelewa. Chini, penye mlango wa barabarani, mama wa chumba cha kwanza alimshika mshonaji mkono akamwambia kwamba jengo limepooza. Kila asubuhi alizoea kumsikia kaka yake akigonga ukuta, ngo, ngo, ngo, mithili ya mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Alikuwa akimlaani. Sasa anachelewa kuamka.

Mtaani walimwita Bwana Gonga, na wengi hawakujua kwamba ana jina lingine. Alikuwa mkaguzi wa majengo. Alisomea chuo cha ufundi, akapata cheti, akajenga nyumba mpya za kampuni fulani kwa miaka kadhaa, kisha akaacha kuzijenga, akashika kuzisikiliza za zamani. Mtu akitaka kununua nyumba, akiwa na busara au akiwa na mke mwenye busara, alimwita kabla ya kutia saini. Wengine hawakuona haja. "Macho si hata mimi ninayo?" walisema, wakaenda kununua rangi mpya iliyopakwa juu ya maradhi ya zamani.

Alikuja na mkoba wa turubai. Humo mlikuwa na timazi, pimamaji, tochi, bisibisi, gololi moja ya kuchezea watoto, kopo la plasta kavu, na vipande vyembamba vya kioo vilivyoviringishwa ndani ya gazeti. Hakuanzia mlango wa mbele. Aliizunguka nyumba kwanza, polepole, kichwa kimelalia bega, na aliyemfuata alitakiwa kunyamaza.

Mshonaji alimfuata mara chache alipokuwa msichana, kwa udadisi tu. Alimwona akifungua mabomba yote ya nyumba kwa pamoja, kisha akitoka mbio kwenda kusimama juu ya chemba ya maji taka, akitega sikio. Alimwona akiweka gololi katikati ya sebule na kuisubiri iamue inakokwenda. Alimwona akisogeza makabati na kunusa nyuma yake. Mwisho kabisa aliuliza swali ambalo wauzaji walilichukia: "Chumba gani hamkitumii?"

Alimweleza mdogo wake sababu. Watu huikimbia kasoro ya nyumba miaka mingi kabla ya kujua kwamba wanaikimbia. Leo wanahamisha kitanda, mwakani wanahamisha meza, halafu siku moja wanafunga mlango na kusema hicho ni chumba cha stoo.

Jambo moja hakulifanya. Hakumwambia mtu nunua, wala hakumwambia usinunue. Walimsihi, walimkasirikia, mwanamke mmoja aliwahi kumlilia. Yeye alieleza ufa uko wapi na bomba gani limeoza, akafunga mkoba. "Mimi nasema nilichokiona," alisema. "Atakayelala humo ni wewe."

Mwenyewe aliishi chumba cha kupanga. Alizikagua nyumba za mji mzima na hakununua hata kibanda. Juu ya kitanda chake, katika kile chumba cha mwisho wa ngazi, ulipita ufa mwembamba, naye alikuwa ameubandika kipande cha kioo. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alikitazama kioo, akagonga pembeni yake, ndipo siku yake ikaanza. Ukimuuliza kwa nini hanunui, alijibu, "Nyumba ya kupanga ikiinama, unahama. Yako ikiinama, unainama nayo."

"Shemeji," alimwambia siku moja mume wa mshonaji, dereva wa lori mwenye mdomo usiopoa, "wewe hata peponi utaambiwa karibu, utasema subirini kwanza nizigonge hizi kuta."

"Na nikikuta plasta mbichi, siingii," alijibu Gonga, akaendelea kula.

Mshonaji alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake kiliisha mapema. Yeye alijua jibu hilo lilikotoka.

Baba yao alikuwa hodari wa kuziba. Ukuta wa jiko la nyumbani kwao ulikuwa na ufa ulioshuka kutoka pembe ya dirisha, na kila mwaka mvua zilipokwisha baba alikoroga saruji, akauziba, akaupaka chokaa, akarudi nyuma hatua chache na kushika kiuno. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," aliwaambia wanawe, akijipongeza kwa methali. Adhuhuri moja, wote wakiwa uani wanakula, ukuta ulilala chini juu ya masufuria. Hakuna aliyeumia. Mshonaji alikuwa mdogo, na kishindo chenyewe hakikumbuki. Anakumbuka kimya kilichofuata, vumbi likishuka, na baba yao amesimama na tonge mkononi asijue alipeleke wapi. Anamkumbuka kaka yake, hajaota hata ndevu, akiingia katika kifusi na kuinua tofali moja moja, akitazama chini ya kila moja kana kwamba ameangusha kitu. Alikipata. Chini ya msingi bomba lilikuwa limepasuka zamani, na udongo umegeuka uji.

"Ufa ulikuwa unatuambia," alisema yule mvulana, "Baba akawa anauziba mdomo."

Hakupigwa kwa kusema hivyo, na hilo ndilo lililowatisha watoto wote wawili. Tangu siku hiyo mtu akiitaja methali ile mbele ya Gonga, Gonga alirudisha tonge kwenye sahani. "Ufa hauzibwi kabla ya kuulizwa," alisema.

Nyumba iliyomtia mshonaji wazimu aliiona akipeleka mapazia. Ilikuwa ya mjane mmoja aliyetaka kuhamia kwa binti yake. Chumba chake cha mbele kilikuwa na madirisha mawili yanayotazamana, moja likipokea jua la asubuhi, jingine likiliaga la jioni. Mshonaji alisimama katikati, mapazia mikononi, akasahau kuyatoa. Miaka yote alikuwa akishonea ukumbini, cherehani imebanwa kati ya friji na mlango wa bafu, chini ya taa ya umeme iliyowashwa mchana kutwa, na macho yake yalikuwa yameanza kumnung'unikia. Sindano aliitunga kwa kubahatisha. Daktari wa macho alikuwa amemwambia atafute mwanga au atafute kazi nyingine.

"Unauza kweli, mama?" aliuliza.

"Nauza, mwanangu. Sina wa kuzungumza naye humu ila bawaba za milango."

Bei na akiba yao, kwa mara ya kwanza, zilikuwa zinasalimiana. Mumewe aliiona nyumba Jumapili, akapiga mluzi, akasema, "Tuichukue. Ila usimwite kaka yako. Akitia mguu pale, tumeikosa."

Mshonaji naye aliwaza hivyo hivyo. Alikaa na wazo hilo akishona, akifumua, akishona tena. Mwishowe alimpigia kaka yake simu. Alijua kwamba akiinunua nyumba ile bila Gonga kuigonga, kila atakapokaa kwenye cherehani atakuwa anasikiliza.

Siku ya ukaguzi alikuwepo dalali, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliyewafuata nyuma kila pembe.

"Mzee, usijisumbue. Nyumba hii ni chuma!"

"Chuma hula kutu," alisema Gonga.

"Basi ni jiwe."

"Jiwe halina mabomba. Naomba unyamaze kidogo, kijana, nasikiliza."

Gololi ilitulia sebuleni bila kwenda popote, na mshonaji akavuta pumzi. Mabomba yalipita mtihani, ila moja la bafuni. Nyaya za jikoni zilimfanya Gonga akunje uso. Alipanda juu ya paa la zege kwa ngazi ya kuazima, akakaa huko muda, akashuka na magoti meupe.

"Juu ya kona ya nyuma kuna visiki vinne vya zege vimepakwa lami. Ni vya nini?"

Mjane alikuwa jikoni akichemsha chai, hakusikia. Dalali ndiye aliyejibu. "Vya urembo."

"Urembo wa nani? Wa kunguru?"

Kisha akaingia jikoni na swali lake. "Mama, chumba gani hamkitumii?"

Mjane alifunika birika. Halafu akaonyesha kwa kidevu mlango wa nyuma.

Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa masanduku, na kilinuka karatasi. Kwenye kona ufa ulianza penye pembe ya dirisha ukapanda kuelekea darini, hatua kwa hatua, ukifuata matofali kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Mshonaji aliutambua kabla ya kuuona vizuri. Ulikuwa ule ule wa jikoni kwa baba yao, ila huu ulikwenda juu. Akamtazama kaka yake.

Gonga alikoroga plasta kidogo ndani ya kifuniko cha kopo, akafungua gazeti, akachagua kipande cha kioo chembamba kama ukucha. Alikilaza juu ya ufa, ncha moja huku, ncha nyingine kule, akazishika kwa plasta.

"Sasa ndiyo nini?" aliuliza mjane. "Mbona nyumba yangu umeifunga bandeji?"

"Nauachia ukuta mlinzi, mama. Mbao huvumilia. Bati huvumilia. Plasta nayo huvumilia kwa muda. Kioo hakijui kuvumilia. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika, nasi tunajua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mvua zinyeshe, ardhi ilowe."

Dalali alishika kichwa. "Mvua! Mzee, kuna mteja mwingine anakuja wiki hii hii!"

"Mwambie aje na mwavuli," alisema Gonga.

Mvua za kwanza zilipopita walirudi wote. Mshonaji alikuwa hajalala vizuri, na mumewe, aliyekuwa njiani na lori lake, alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili kuulizia kioo kama mtu anayeulizia mgonjwa. Dalali alitangulia, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akasimama.

Masanduku yalikuwa yamepangwa. Sakafu imefagiliwa. Juu ya ufa, pale penye kioo, ilitundikwa picha ya mwanamume mwenye kofia.

"Huyu alikuwepo?" aliuliza Gonga.

"Ni marehemu mume wangu," alisema mjane.

"Pole, mama. Nilitaka kujua kama alikuwepo juzi."

"Alikuwa chumbani kwangu. Nimemhamisha."

Gonga aliishika picha kwa mikono miwili, akaiteremsha taratibu. Nyuma yake kioo kilikuwa kimevunjika.

Mshonaji alihisi kile kimya cha utotoni kikishuka tena pamoja na vumbi lake. Aliona cherehani yake ikirudi ukumbini, kati ya friji na mlango wa bafu. Dalali alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Basi tena. Sasa si mmeona wenyewe? Mwacheni mwenzenu mwingine anunue, yeye hana habari na vioo."

Gonga hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amepiga magoti, tochi mkononi, pua karibu igusane na ukuta. "Hebu," alisema peke yake. "Hebu, hebu, hebu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta njia mpya mahali alipozoea kupita. Akamwita mdogo wake. "Njoo uone. Wewe unajua mishono. Nguo iliyovutwa inachanika vipi?"

Mshonaji aliinama. "Inaachana. Panabaki pengo."

"Tia ukucha hapa."

Alitia. Vipande vya kioo vilikuwa vimegusana ukingo kwa ukingo, ukucha ukakosa pa kuingia. Na mivunjiko haikufuata ufa. Ilitoka yote kwenye kona moja ya juu ikatawanyika, na juu tu ya kona hiyo palikuwa na msumari.

"Ukuta haujakivuta," alisema Gonga. "Kimepigwa."

Wakageuka wote kumtazama mjane. Alikuwa ameipakata picha ya mumewe, na masikio yake, kama ngozi ya mzee inaweza kuona haya, yalikuwa yameona haya.

"Wageni wanakuja kuiona nyumba," alisema. "Mnataka waione na bandeji? Nikasema nimtundike baba watoto, afunike. Nyundo sikuiona. Nikatumia kisigino cha kiatu."

Dalali alicheka peke yake, akaacha. Gonga hakucheka. Aliiomba ile picha tena, akaisogeza dirishani penye mwanga. Mwanamume mwenye kofia alikuwa amesimama mbele ya nyumba ile ile, mkono mmoja kiunoni. Mshonaji alipoiona ile namna ya kushika kiuno, alimwona baba yao mbele ya ukuta wa jiko.

"Mama, hiki kilicho juu ya paa ni nini?"

"Tangi. La zege. Alilijenga kwa mikono yake, maji yalipokuwa ya shida. Majirani wote walikuja kuchota kwetu."

"Juu ya kona hii hii."

"Hapo hapo. Alipofariki wanangu wakalivunja, wakasema litatuua. Miguu yake wakaikata, wakaipaka lami."

"Visiki vyangu," alisema Gonga polepole. "Na ufa, mama, ulikuja lini?"

"Tangi likiwepo. Kila mwaka alikuwa anauziba, na kila mwaka unafunguka. Akitukana, akiuziba."

"Na tangi lilipovunjwa?"

Mjane aliufuata ufa kwa macho. Mvua ndogo ilianza kugonga dirisha. "Hatukuuziba tena," alisema. "Aliyekuwa anauziba hakuwepo. Uko hivyo hivyo alivyouacha."

Gonga alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye sanduku, akautazama ufa kwa muda mrefu. Mshonaji hakuwa amewahi kumwona akikaa katika nyumba ya kukagua. Alipoinuka, alifungua gazeti lake, akatoa kipande kingine cha kioo.

"Hadithi ni nzuri," alisema. "Lakini ukuta nao una haki ya kuulizwa. Tusubiri mvua kubwa."

"Mteja wangu hatasubiri mvua kubwa!" alilia dalali.

"Nyumba ni ya nani?" aliuliza mjane. "Na kioo amevunja nani? Basi tutasubiri."

Yule mteja mwingine alikuja, akakiona kioo, akauliza, na mjane akamweleza kila kitu, kuanzia tangi hadi kisigino cha kiatu. Hakurudi. Dalali aliondoka akisema, "Mama, wewe unauza au unatubu?"

Mvua kubwa zilipiga. Mshonaji alishona sare za shule chini ya taa yake ya ukumbini, na kila paa liliponguruma mguu wake ulisita juu ya kanyagio. Mumewe alipiga simu kutoka njia za mbali, maji yamefunika barabara, akauliza kwanza, "Kioo kinaendeleaje?" kisha ndipo akauliza watoto. Mjane alipewa amri ya kutogusa kitu, naye kila asubuhi aliingia chumba cha nyuma, chumba ambacho hakukiingia kwa miaka, akavaa miwani, akakitazama. Akamwambia mshonaji kwamba amekizoea. Sasa kahawa yake anainywea humo.

Ardhi ilipoanza kukauka, Gonga alikuja na mdogo wake peke yao. Kioo kilikuwa kizima. Alikimulika huku na huku, akakigusa kwa ncha ya kidole, akagonga ukuta pande zote mbili. Ngo, ngo, ngo. Kisha akaeleza, kwa sauti ile ile aliyowaelezea watu wote: kona ilibeba tangi, ikaelemewa, ikapasuka, tangi likaondoka, kona ikatulia, msingi haujasogea. Nyaya za jikoni zibadilishwe zote. Bomba la bafuni limeoza. Mfereji wa paa umeziba upande wa mashariki.

"Kaka," alisema mshonaji, "ninunue?"

"Mimi nasema nilichokiona."

"Mimi si mteja!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, na jikoni kikombe cha mjane kikanyamaza. "Mimi ni mdogo wako. Nilikuwepo uani. Niliuona ukuta ule ukilala, na nilimwona Baba. Wateja waambie unachotaka. Mimi niambie."

Gonga alifunga kopo la plasta. Akalifungua, akalifunga tena. Alikuwa na umri wa kuanza kuota mvi masikioni, na kwa kitambo kidogo mdogo wake alimwona tena katika kifusi, akiinua tofali.

"Chumba hiki," alisema, "atalala nani?"

"Hakuna. Tutakifanya stoo."

"Usikifanye stoo."

Akachukua futi yake ya chuma. Mshonaji alidhani anataka kuupima ufa. Lakini aliivuta kutoka dirishani hadi mlangoni, chini kabisa, usawa wa sakafu, akasoma, akafikiri, akaivuta tena kutoka ukutani.

"Kitanda changu kitaingia," alisema. "Kikilazwa hivi, kichwa huku."

Mshonaji hakumuuliza tena.

Siku ya kuhama Gonga alikibandua kioo cha chumba chake cha kupanga, kile cha mwisho wa ngazi. Kilitoka kizima. Alikifunga kwenye gazeti, akakiweka mkobani pamoja na gololi. Shemeji yake alileta lori zima kwa kitanda kimoja na mkoba mmoja, akapiga honi mtaa mzima ili watu watoke waone.

Sasa Bwana Gonga anakaa chumba cha nyuma, nyumbani kwa mdogo wake, kitanda chake kikitazama kona. Ufa haujazibwa.